Mbegu za tungule na unyevu wa Tanga: shajara ya mwaka mmoja

13 Januari 2024. Bahasha ya mzee

Asubuhi ya leo mzee jirani yangu, tunayechangia naye ukuta hapa Nguvumali, Tanga, alikuwa akimwaga mbegu zake za nyanya jalalani. Alizitoa mwenyewe kwenye nyanya alizovuna mwaka juzi mwezi wa nane, akazianika, akazitia kwenye bahasha na kuiweka juu ya kabati la jikoni. Amesia mbegu kama 200 kitaluni, zimeota 4.

"Hizi ndizo GMO wanazozisema," aliniambia. "Zimetengenezwa zisiote mara ya pili, ili urudi dukani."

Nilimwomba anibakizie ile bahasha. Karatasi yake ilikuwa laini kama kitambaa, unaikunja na haitoi sauti yoyote. Ndani zilibaki mbegu kidogo, zimepoteza ule unyoya wa kijivu, zimekuwa za kahawia. Nimelima uani kwangu miaka sita, kwenye viroba na ndoo kuukuu, na mimi pia nimewahi kupoteza mbegu hivihivi nikaishia kuilaumu pakiti. Safari hii nataka kujua. Nimeweka mbegu 20 za mzee kwenye tishu mbichi ndani ya kisahani kilichofunikwa. Nitaandika kila hatua hapa, pamoja na fedha iliyotoka, ili mwenye ua na hamu aweze kufuata.

24 Januari. GMO iko wapi hapa?

Katika zile 20 imeota 1, siku ya tisa.

Kabla ya kuanza kujaribu kuhifadhi mbegu nilitaka suala la GMO liishe, maana mbegu ikishasingiziwa mtu hatafuti tena alipokosea. Nilikwenda kwa afisa ugani wa kata na pakiti tupu ya dukani, ile ya mbegu alizoanza nazo mzee. Imeandikwa Cal J. Ni mbegu ya kawaida, zile wanazoziita OPV: ukiitunza vizuri inakupa nyanya ileile mwaka hadi mwaka. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa hapa nchini mwaka 1997, ni za kundi hilohilo. Chotara ni kitu kingine. Hapo wamechukuliwa wazazi wawili tofauti, mtu akapandisha chavua kwa mkono ua moja baada ya jingine, na pakiti ikaandikwa F1. GMO ni kitu cha tatu kabisa: kinasaba kimeingizwa au kuzimwa ndani ya mmea kwenye maabara.

Mtaani kwetu watu wanaiona GMO kwenye alama tatu, na zote tatu hazihusiki. Ya kwanza ni hiyo F1. Ya pili ni herufi VF kwenye Roma VF, ambazo zinasema tu kwamba aina hiyo inastahimili magonjwa mawili ya mnyauko yaletwayo na kuvu; Roma yenyewe ilitoka Marekani miaka ya 1950, uhandisi jeni ukiwa bado haujazaliwa. Ya tatu ni mbegu zenye rangi ya waridi. Hiyo ni dawa ya ukungu iliyopakwa juu. Ni sumu kweli, mtoto asizichezee na kuku asizidonoe, lakini haigusi vinasaba.

Nyanya ya GMO imewahi kuuzwa. Flavr Savr ya kampuni ya Calgene, California, iliruhusiwa Marekani Mei 1994: walizima kinasaba kinacholainisha tunda ili ichelewe kuoza, na ilipofika 1997 ilikuwa imeondoka sokoni. Hapa Tanzania hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara. Majaribio yaliyopandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 yalikuwa ya mahindi, na serikali iliyasimamisha mwaka 2018. Hata tetesi ya mbegu zisizoota ina mzizi wake: Machi 1998 Marekani ilitoa hati miliki ya namna ya kuifanya mbegu ya kizazi cha pili iwe tasa. Dunia ilipiga kelele, na mbegu hizo hazijawahi kuingia sokoni. Kwa hiyo mzee hakuyatunga aliyoyasema. Ila hayakufika kwenye bahasha yake.

Bado sijajua kilichoziua.

14 Februari. Kuchachusha, na kosa la kwanza

Shangazi yangu wa Pangani aliniletea kikapu cha tungule. Ni zile nyanya ndogo, zimejikunja mbavu kama boga, chachu, ngozi nyembamba, ukizipondea kwenye mchuzi wa samaki huhitaji ndimu. Hajawahi kununua mbegu yake. Alizikuta kwa mama yake nyuma ya nyumba, zinaanguka na kuota zenyewe mvua zikija. Nilipomwambia nataka kuzitia kwenye chupa alishangaa. "Mwanangu, tungule huwekwa ardhini." Lakini mwaka jana kipande kile kimejengwa banda, na yamebaki mashina mawili tu kando ya choo. Hayo mawili yakifa, hakuna duka litakalotuuzia nyingine.

Mbegu ya nyanya imevaa ute, na ute huo ndio unaizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda. Kuchachusha kunauvunja, tena kunapunguza vimelea vya magonjwa vilivyong'ang'ania juu ya mbegu. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema siku tatu hadi tano. Nikakamulia mbegu za tungule kumi kwenye kopo, nikaongeza maji nusu kikombe, nikafunika kwa kitambaa na kuliweka barazani tarehe 10.

Leo nimefunua. Harufu ilikuwa ile ya kawaida, kali kama togwa lililopitiliza, na utando mweupe juu. Nilipomwaga kwenye chujio nikaona vimizizi vyeupe, vifupi kama nukta ya kalamu, karibu kila mbegu ya pili. Zilikuwa zimeshaanza kuota ndani ya kopo. Mbegu iliyokwisha kutoa mzizi haikaushwi tena, nimezimwaga zote.

Siku tatu hadi tano ni hesabu ya nchi za baridi. Hapa Februari hata usiku ni joto. Na yale maji niliyoongeza yaliupunguzia nguvu ute, mbegu zikaamka mapema.

Marekebisho: sitii maji hata tone, juisi ya nyanya yenyewe inatosha. Muda ni saa 30 hadi 36, na siendi kwa saa peke yake. Natoa mbegu moja, naisugua kati ya kidole na gumba. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama mchanga, ni muda wa kuosha.

21 Februari. Bati, kosa la pili

Fungu la pili lilichachuka vizuri kwa saa 33. Niliosha mara nne, zile nyepesi zilizoelea nikazimwaga. Kisha, kwa haraka ya kuwahi soko la Mgandini kabla samaki hawajaisha, nikazitandaza juu ya bati la banda la kuku saa sita mchana. Niliporudi saa tisa zilikuwa kavu kabisa, nikafurahi.

Nimejaribu 50, zimeota 9. Bati lile huwezi kulikalisha kiganja. Mbegu mbichi haistahimili joto ambalo kavu ingelivumilia. Zimeivia humohumo ndani. Kwa nje hakuna dalili yoyote, na hilo ndilo linaloniuma, kwani ningeweza kuziweka mwaka mzima nikijua ni nzima. Tangu leo sihifadhi mbegu yoyote bila kwanza kuotesha chache.

7 Machi. Fungu la tatu

Hili limekubali. Kivuli na upepo tu, kwenye baraza linalopigwa na kaskazi. Nilianza kwa kuzitandaza kwenye gazeti, zikaganda, na kila niliyoibandua ilitoka na kipande cha karatasi. Nikachukua chandarua chakavu kilichooshwa mara nyingi, nikakikaza juu ya ungo na kukifunga kwa uzi. Upepo unapita juu na chini. Siku ya kwanza nilizivuruga kwa vidole kila saa ili zisishikane; bila hivyo zinakuwa keki. Siku sita. Sisimizi walikuja usiku wa pili, nikaukalisha ungo juu ya makopo manne yenye maji.

Jaribio: 46 kati ya 50. Nina gramu 6 hivi, ambazo ni karibu mbegu 1,800.

9 Machi. Kufungia

Nimezigawa mbegu 250 kila fungu:

A: bahasha ya karatasi, kabati la jikoni, kama alivyofanya mzee.
B: mfuko wa plastiki wa kujifunga, kabati hilohilo.
C: chupa ya jamu yenye majivu makavu ya mkaa chini na mbegu kwenye kimfuko cha kitambaa juu.
D: chupa kama hiyo, mchele uliokaangwa badala ya majivu.
E: kama D, ila kwenye friji, rafu ya chini.

Zilizobaki ni akiba. Kila miezi mitatu nitaotesha 50 kutoka kila fungu. Chupa 6 zimenigharimu sh 6,000 na mchele nusu kilo sh 1,500. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali nimekiagiza Dar, sh 25,000 na nauli ya basi sh 3,000. Kimenitia kigugumizi kwa bei.

23 Machi. Kavu ya Tanga si kavu

Hii ndiyo siku niliyoelewa bahasha ya mzee.

Kwanza nilitaka kupima ukavu bila kifaa, kwa ile njia ya chumvi tunayoitumia kwenye mahindi: unatia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, unaacha robo saa, chumvi ikiganda kwenye kioo nafaka bado mbichi. Iliganda. Nikakausha tena mbegu siku mbili, ikaganda vilevile. Mwishoni nikatikisa chumvi peke yake bila mbegu, nayo ikaganda! Chumvi ya hapa pwani imelowa tangu dukani. Ukitaka njia hii, ikaange kwanza kwenye kikaango hadi iruke-ruke, iache ipoe ikiwa imefunikwa, ndipo uitumie. Nilipofanya hivyo ikaganda kidogo tu, jibu lisilo huku wala kule.

Kipima unyevu kilifika tarehe 18. Nikakiacha kabatini usiku kucha: unyevu wa hewa asilimia 81. Nikakitumbukiza kwenye chupa D na kufunga kifuniko hadi asubuhi: 58. Chupa C: 69.

Nilikaa na namba zile muda mrefu. Mbegu haziwi kavu kuliko hewa iliyozizunguka. Zile siku sita za ungo zilizifikisha sawa na hewa ya Tanga, basi, na hewa ya Tanga mwezi wa tatu ni maji. Mkono wangu uliposema kavu, mbegu ilikuwa bado inapumua, inakula akiba yake kidogo kidogo gizani. Kuna kanuni ya wahifadhi mbegu inayosaidia hapa: kila unyevu wa ndani ya mbegu ukishuka kwa asilimia 1, umri wake ghalani karibu unajirudufu, na kila joto likishuka nyuzi 5, vivyo hivyo. Bahasha ya mzee ilikosa vyote viwili, unyevu ukiwa juu na joto la jiko likiwa chini yake, kwa miezi 17.

Kwa nini mchele na majivu havikusaidia? Makosa matatu. Mchele ulikuwa kijiko kimoja tu. Niliukaanga dakika kumi, ukabadilika rangi kwa nje na ndani ukabaki na maji yake. Halafu niliupoza kwenye sinia, wazi, jikoni, kwa hiyo hadi unaingia chupani ulikuwa umeshakunywa kutoka hewani. Majivu nayo yalikuwa ya juzi.

Nyongeza, 6 Aprili. Nilivyofanya upya: mchele umekaangwa kwa moto mdogo dakika 40 kwenye sufuria nzito, ukikorogwa, hadi ukawa rangi ya majani makavu. Ukiwa moto vilevile umeingia kwenye chupa nyingine na kufungwa, umepoa humo. Kisha nusu ya chupa mchele, mbegu kwenye kimfuko chao juu, kifuniko. Baada ya siku saba nimeutoa, nikaukaanga tena, nikaurudisha. Majivu nimeyachoma upya kwenye bati juu ya mkaa na kuyafungia yakiwa moto.

Vipimo vya mwisho, leo: D 29, E 30, C 45. Nalenga chini ya 35. Majivu nimeshindwa kuyashusha zaidi, nimeyaacha hivyo. A na B sikuzigusa, ni za kulinganishia.

21 Aprili. Nyanya ya zambarau

Mvua haikatiki, naandika nikiwa ndani.

Binti wa kaka yangu aliyeko Marekani ameniletea picha ya nyanya iliyokatwa katikati, zambarau ngozi hadi moyo. Ni GMO halisi. Iliundwa na Cathie Martin na wenzake wa Kituo cha John Innes, Norwich, Uingereza, kwa kuingiza vinasaba viwili kutoka kwenye ua la mapambo liitwalo snapdragon. Wizara ya kilimo ya Marekani iliipa ruhusa Septemba 2022, na mwaka huu wa 2024 mbegu zake zimeanza kuuzwa kwa watu wanaolima majumbani. Pakiti ya mbegu 10 ni dola 20. Aliniuliza, "Shangazi, nikutumie?"

Nilimwonyesha mzee. Kilichomshangaza, na mimi pia, ni kwamba nyanya hii ya GMO mbegu zake zinaota. Ukizitunza zinatoa zambarau tena. Lile jambo aliloliogopa, mbegu iliyofungwa kufuli, halimo hata kwenye hiyo GMO inayouzwa kwa mtu wa uani.

Hata hivyo nimemjibu hapana. Kuingiza mbegu ya GMO nchini kunataka kibali cha usalama wa bioteknolojia, na mbegu yoyote ya nje inapaswa kupita ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kuificha ndani ya barua ni kuvunja sheria. Na ninayo sababu yangu mwenyewe. Nyanya nyingi za kisasa zinajichavusha zenyewe, kile kijiti cha ua kinachopokea chavua kikiwa kimejificha ndani. Tungule ya shangazi si hivyo: nimeichunguza kwa miwani ya kusomea, kile kijiti kimechomoza nje kabisa ya ua, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao hawakauki hapo. Nikipanda kando yake kitu nisichoweza kukirudisha nyuma, nimeshakichanganya na mashina mawili yaliyobaki Pangani. Sina ugomvi na wanaoila. Kwenye ua wangu mdogo, tungule inatangulia.

8 Juni. Miezi mitatu

Zilizoota kati ya 50: A 40, B 37, C 44, D 46, E 45.

Masika yamepita na tofauti ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Ila kasi haifanani. D zilitoa mizizi siku ya nne na ya tano, zote pamoja. A zilianza siku ya sita na kuburuza hadi ya kumi na moja.

Kosa la safari hii ni la chupa E. Niliitoa kwenye friji na kuifungua palepale. Ndani ya dakika moja kioo kililowa, na mbegu zilizokuwa juu kwenye kimfuko ziliota jasho. Niliona nukta za maji kwa macho yangu. Nilizirudisha kwenye mchele mpya siku kumi, kipimo kikarudi 32. Chupa ya friji huachwa mezani ikiwa imefungwa hadi kioo kisiwe baridi mkononi, hata ikichukua saa tatu. Umeme kukatika, jambo nililoliogopa mwanzoni, hakujaleta shida yoyote, kwa sababu unyevu hauingii kwenye chupa iliyofungwa.

Kipupwe kimeingia. Nimesia tungule kutoka D kwa ajili ya mbegu mpya, pamoja na kitu kingine nitakachokieleza kikiiva. Viroba na samadi sh 9,000, tishu na pamba sh 2,000.

7 Septemba. Miezi sita

A 27, B 19, C 42, D 45, E 44.

Mfuko wa B una ukungu mweupe kwenye kona. Plastiki ile ilizifungia pamoja na unyevu wao, zikakosa hata upepo mdogo unaopenya karatasi. Ukiwa huna njia ya kukausha sawasawa, afadhali karatasi kuliko plastiki.

Tungule zimezaa. Mashada niliyoyatenga kwa mbegu niliyavika soksi nyepesi tangu maua yakiwa vitumba, nikayatikisa kila asubuhi. Kanitangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, alitafuna majani ya chini na kutoboa matunda kadhaa. Tangu aingie nchini mwaka 2014 hakuna msimu anaotusahau. Nilichuma kwa mkono majani yenye michirizi yake na kuyachoma. Soksi zilimzuia kwenye mashada, faida ambayo sikuitafuta.

19 Oktoba. Watoto wa chotara

Hiki ndicho kile kitu kingine. Mtaa wa pili kuna mama anayelima chotara kwa ajili ya soko, nyanya ndefu, ngumu, zote sawa kama matofali. Aliniambia hatunzi mbegu kwa sababu "haziwezi kuota". Nilimwomba nyanya mbili, nikatoa mbegu, nikasia 20 mwezi wa sita.

Zimeota 17. Nikapanda 12.

Watatu walinyauka kabla ya kuchanua, ilhali shambani kwa mama huyo mnyauko haukugusa hata shina moja kwenye udongo uleule wa mtaa wetu. Katika tisa waliobaki, watano wamezaa tunda linalomfanana mama yao, kwa karibu. Mmoja ametoa nyanya za mviringo kabisa. Wawili wana matunda madogo, laini, yaliyopasuka mvua ya kwanza ya vuli ilipogusa. Wa mwisho amekua hadi kupita ukuta na kuzaa matunda manne kwa jumla. Nilizipanga mezani jioni, nikamwita yule mama mkulima na mzee waje watazame. Mama alizigeuza moja moja. "Kumbe zinaota," alisema, "ila kila mtoto na sura yake."

Ndivyo. Mama na baba wa chotara hawafanani, na kizazi cha pili kinawagawana upya. Kwa anayeuza sokoni hilo ni hasara, ana haki kununua kila msimu. Kwa anayelima viroba vitano vya nyumbani, watano kati ya kumi na wawili si haba, lakini mbegu ya akiba ni OPV au tungule.

7 Desemba. Miezi tisa

A 12, B 3, C 39, D 44, E 45.

A zile 12 nimezipanda ili nione. Miche minne majani yake ya kwanza yamejikunja, mmoja umeota bila majani kabisa, shina tupu. Mbegu inachoka kwanza ndipo inakufa. Mkulima anayesia mbegu iliyochoka anaona mche dhaifu na kulaumu udongo, mvua au duka.

D na E zimepishana mbegu moja tu, kwa hiyo friji si lazima kwa muda huu. Mchele uliokaushwa vizuri ndani ya kabati umetosha. Kwa miaka mitano huenda friji ikajitenga, kwani hata benki za mbegu hukausha kwanza kisha ndipo zinagandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mpangilio ni huo. Mbegu mbichi kwenye friza inaweza kufa.

Majivu yamenipa 39. Kwa asiye na mchele wa kuchezea ni njia nzuri, mradi yachomwe upya na yafungiwe yakiwa moto.

Mchele wa pili sh 1,500. Jumla yote tangu Januari ni sh 48,000, ambapo 28,000 ni ya kipima unyevu na nauli yake. Majirani sita tumekubaliana kukizungusha, kila nyumba siku mbili, kwa hiyo anayeanza sasa mtaani kwetu anahitaji chupa na mchele tu.

Kumbuka moja kwa watakaoiga: tunapeana mbegu, hatuuzi. Mbegu isiyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, haiuzwi.

11 Januari 2025

Mzee amekuja na chupa yake. Cal J, mavuno ya mwezi wa tisa, saa 34 za kuchachusha, ungo wenye chandarua, mchele mara mbili. Tumetumbukiza kipima unyevu jana jioni na leo alfajiri akagonga mlango kabla sijamaliza kuswali. Imesoma 33. Amebandika karatasi ndani ya chupa kwa penseli, si nje kwa wino. Lebo zangu mbili za wino zilifutika mwezi wa tano na nusura nichanganye C na D, nikamwonya.

Chupa moja ya tungule imekwenda Pangani kwa basi la saa nne, imeviringishwa kanga, mbegu 300 hivi za mashada ya soksi. Shina moja kati ya yale mawili limekufa mwezi wa kumi na moja. Shangazi amepiga simu kuuliza mchele wa chini ni wa kupika. Nimemwambia hapana, na asifungue chupa hadi wingu la masika lionekane baharini. Atoe za kusia, afunge papo hapo, zilizobaki asizianike barazani.

"Na nyingine niziache zianguke?" aliuliza.

Nimemwambia ndiyo, nazo ziachwe zianguke.

Otesho la miezi 12 la C, D na E ni tarehe 8 Machi.